Kutembea na Kamera: Innsbruck na Kintinku

Upo mtindo wa matembezi ulioenea sana katika miji ya Ulaya iliyojengwa chini ya milima ya Alps. Mgeni hapewi kiongozi wa kumtangulia, hupewa njia. Njia hiyo huchorwa katika karatasi au katika simu, ikawa na vituo kumi au zaidi, na kila kituo kimeandikiwa mahali pa kusimama, saa ya kufika, na upande wa kuelekezea lenzi. Mgeni hutwaa kamera yake, akaenda peke yake, akasimama alipoambiwa asimame, akapiga picha, kisha akashika njia ya kituo cha pili. Jioni hurudi hotelini na picha nzuri. Uzuri wa picha hizo haubishaniwi. Linalobishaniwa ni nani hasa aliyezipiga.

Uchukuliwe mfano wa Innsbruck, mji mkuu wa jimbo la Tirol nchini Austria. Mji huo umekaa katika bonde la mto Inn, kiasi cha mita 574 juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa kaskazini umesimama ukuta wa milima uitwao Nordkette, ambao mtu aweza kuupanda kwa gari la kuning'inia kwenye waya hadi kituo cha Hafelekar, mita 2,256. Mwenye kufuata njia iliyochorwa hujikuta mahali palepale walipofika wenziwe wa jana: ukingoni mwa mto, akizikabili nyumba za rangi rangi za Mariahilf, katika barabara ya Maria Theresa, ambako nguzo ya Mtakatifu Anna iliyosimamishwa mwaka 1706 hujipanga sawasawa na milima iliyo nyuma yake, mbele ya Paa la Dhahabu, roshani ya mfalme Maximilian wa Kwanza iliyoezekwa kwa vigae zaidi ya 2,600 vya shaba vilivyopakwa dhahabu, na penye vituo vya reli ya kupandia Hungerburg, vilivyobuniwa na Zaha Hadid na kufunguliwa mwaka 2007. Hata jua limemwia radhi mpiga picha. Nordkette inaelekea kusini, nalo jua la nchi zile hupita kusini, kwa hiyo mlima huangazwa karibu mchana kutwa. Afikaye saa nne asubuhi na afikaye saa tisa alasiri wote hukuta mlima umewangojea.

Katika hali kama hiyo picha hutangulia, na mpiga picha hufuata. Ameiona kabla hajapanda ndege. Anapofika penye nguzo ya Mtakatifu Anna hatafuti kitu; analinganisha alichokuja nacho kichwani na kilichoko mbele yake, na vikifanana huridhika. Ni sawa na mtu ahudhuriaye usomaji wa shairi analolijua kwa moyo ili ahakikishe kwamba msomaji hakosei. Raha ipo, wala haifai kudharauliwa. Ila haiwi raha ya kusikia shairi kwa mara ya kwanza.

Msomaji wa pwani asifanye haraka kuwacheka watu wa Alps. Mji Mkongwe wa Zanzibar umekuwa Innsbruck yetu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, wakati studio ya A. C. Gomes ilipokuwa ikiuza picha za kadi kwa abiria wa meli, visiwa hivi vimejifunza kutazamwa kutoka sehemu chache tu: mlango wenye misumari ya shaba, jahazi limekata jua la magharibi, bibi aliyejitanda buibui akipinda kona ya kichochoro. Mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na njia za kamera zikazidi kukauka kama njia za ng'ombe. Ni vigumu kufikiri jengo lililopigwa picha nyingi zaidi hapa kuliko Beit al-Ajaib. Picha zile zote, za uso wake mweupe na mnara wa saa, hazikulisaidia kitu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo iliporomoka, kazi ya ukarabati ikiendelea ndani yake, na watu wakapoteza maisha. Kamera zilikuwa zimesimama nje, mahali pazuri pa kusimama. Ufa ulikuwa ndani.

Kwa sababu hiyo yafaa swali la matembezi ya kamera lipelekwe mahali ambapo hapajachorwa njia yoyote. Kintinku, katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, ni mahali pa namna hiyo. Mji mdogo huu uko kwenye Reli ya Kati, magharibi ya Bahi na mashariki ya Makutupora na Saranda, katika uwanda wa chini wa Bonde la Ufa. Si kwamba haufanani kabisa na Innsbruck. Miji yote miwili iko chini ya ukuta wa ardhi, na yote miwili imepitiwa na reli inayokwenda kuukabili ukuta huo. Innsbruck ilipata reli ya kuvuka mlima kwa njia ya Brenner mwaka 1867. Reli ya Wadachi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilivuka uwanda huu, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Saranda, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ila ukuta wa Kintinku si wa kumtisha mtu. Ni mstari mrefu ulio mbali upande wa magharibi, rangi yake samawati au kijivu kwa kadiri ya vumbi, na juu yake ndiko iliko Kilimatinde, mji mkongwe kuliko reli, ambako Wadachi waliweka boma lao. Mtu asiyeambiwa aweza kudhani ni wingu.

Picha ya Kintinku ipo, lakini aghalabu ni picha ya dirishani. Abiria wa garimoshi huona jukwaa, wachuuzi na masinia yao vichwani, mti mmoja, bango lenye jina la kituo, halafu behewa hutikisika na vyote hivyo huondoka. Picha ya dirishani ina kosa moja ambalo hata lenzi ya thamani haiwezi kulitengeneza, nalo ni kwamba aliyeipiga hakushuka. Mchuuzi anayeonekana humo ameinua uso kumtazama mnunuzi, na mnunuzi amemwonyesha kioo. Hivi sasa kosa hilo limeongezewa mwendo. Reli mpya ya umeme, iliyotandazwa kutoka Morogoro hadi Makutupora kwa ajili ya treni za mwendo wa kilomita 160 kwa saa, imelipitia bonde hilihili, na kwa mwendo huo hata bango la kituo halisomeki.

Kabla ya dirisha kulikuwa na miguu mitatu ya kamera kubwa. Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani aliyefanya kazi Dar es Salaam tangu mwaka 1906, aliacha mamia ya picha za koloni lile, na nyingi leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Ujerumani. Alikuwa fundi, hilo lazima likubaliwe. Walakini mtu akizitazama picha za zama zake, zake na za wenzake, huona mazoea ya ajabu katika maelezo yaliyoandikwa chini yake. Daraja lina jina. Kituo kina jina. Afisa ana jina na cheo. Mtu aliyesimama kando ya daraja ili ukubwa wake ujulikane ni "mwenyeji", au ni jina la kabila, au si neno lolote. Kazi yake katika picha ni kazi ya rula.

Baada ya uhuru mazoea hayo hayakufa, yalibadilisha mavazi tu. Sehemu hii ya nchi huingia magazetini kwa ukame, kwa njaa, au kwa ajali. Igandu, kituo kidogo katika mkoa wa Dodoma, lilikuwa jina lisilojulikana na wasomaji wengi wa pwani mpaka Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma mteremkoni na kuua watu zaidi ya 200. Kwa siku kadhaa Igandu ilikuwa mabehewa yaliyopondeka. Kisha ikarudi kutokuwepo. Bara haionekani ikila chakula cha mchana.

Ajabu ni kwamba pwani hii hii iliwahi kuwa na elimu nyingine ya kuitazama nchi hiyo, tena ya miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani ilivuka Ugogo kabla ya mtu yeyote kufikiri habari za reli, na majina iliyoyaacha ni maelezo ya picha yasiyo na picha. Upande wa mashariki wa Ugogo paliitwa Marenga Mkali, kwa ajili ya maji yake machungu. Upande wa magharibi, juu ya ule ukingo uonekanao kutoka Kintinku, paliitwa Mgunda Mkali, nyika iliyoua wapagazi kwa kiu. Majina hayo hayasemi mahali panafananaje. Yanasema mahali pamemfanya nini apitaye. Njia ya Innsbruck huandika: simama hapa, tazama kule. Njia ya misafara iliandika: hapa jaza kibuyu.

Mwaka 1901, huko Göttingen, Carl Velten alichapisha kitabu cha Safari za Wasuaheli, ambamo Waswahili wenyewe walisimulia safari zao: Sleman bin Mwenye Chande bara ya Afrika, Mtoro bin Mwinyi Bakari Udoe na Uzigua, Abdallah bin Rashid Nyasa, na Selim bin Abakari, Mngazija, Nyasa na tena Urusi na Siberia, alikokwenda mwaka 1896 akiwa na Bumiller. Kitabu hicho husomwa mno na wanahistoria na wanaisimu, na kidogo sana na wapenda fasihi, nayo ni hasara. Ndani yake hamna mandhari kwa maana ya kadi ya posta. Mna siku za mwendo, maji, bei ya chakula, nguo zilizotolewa, jina la mkubwa wa mahali na namna alivyosalimiwa. Msomaji aliyezoea vitabu vya utalii huona maandishi hayo makavu. Ukavu huo ni adabu. Mwandishi hasemi kitu ambacho hakukigharimia kwa miguu yake au kwa bidhaa yake. Ugogoni msafiri alitoa hongo kabla ya kuchota maji na kupita. Watu wa Ulaya waliopita njia hiyo, kuanzia Burton mwaka 1857, waliiandika hongo kama unyang'anyi, ilhali mwenye kisima aliijua kuwa bei. Picha nayo yachotwa mahali pa mtu.

Selim bin Abakari anafaa kukumbukwa zaidi ya wenzake hapa, maana yeye ndiye Mswahili aliyetembea katika baridi na theluji akitazama miji ya watu wengine, na huku miji hiyo ikimtazama yeye. Hakuwa na mahali pa kujificha nyuma ya kamera. Mtembezi wa Innsbruck hatazamwi na mtu. Mji umewazoea maelfu kama yeye, umemgeuza kuwa hewa. Mpiga picha anayeshuka Kintinku hurudishwa katika hali ya Selim. Kabla hajafungua mfuko wa kamera ameshaonwa, ameshapimwa, na swali limeshapita kutoka kibanda hata kibanda: huyu ni mgeni wa nani?

Hapo ndipo matembezi ya kamera Kintinku yanapokuwa kazi ya aina nyingine, na ugumu wake wa kwanza ni wa jua. Ukingo wa Kilimatinde uko magharibi. Uso wake unaelekea mashariki, kwa hiyo huangazwa asubuhi peke yake. Saa 12 na nusu mistari ya mawe na vichaka huonekana hata kwa mbali. Ikifika adhuhuri umegeuka utepe mmoja usio na kina. Jioni jua huzama nyuma yake, na anayeelekeza lenzi huko hupata weusi. Mwenye kutaka mlima, basi, ana asubuhi tu. Lakini asubuhi ndiyo saa ambayo watu wa Kintinku hawana nafasi na mgeni. Wakati wa masika, ambao katika nchi hizi ni mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, watu wako majarubani kwenye mpunga au katika mashamba ya mtama na uwele. Wakati wa kiangazi wako kwenye foleni ya maji, na maji katika ukanda huu ni jambo la kuuliza kwanza katika kila mkutano. Anayepiga picha saa hiyo hupiga migongo. Watu huketi alasiri, chini ya mbuyu au kwenye benchi la duka, na alasiri hiyo mlima umekwisha kuzimika.

Innsbruck haimlazimishi mtu kuchagua. Kintinku humwambia: utakuwa na ukingo wa Bonde la Ufa usio na watu, au utakuwa na watu wasio na ukingo wa Bonde la Ufa. Picha nyingi za bara zilizopigwa na wapitaji zimechagua upande wa kwanza bila kujua kwamba zimechagua, na kwa hiyo nchi imeonekana tupu. Haikuwa tupu. Ilikuwa saa moja asubuhi.

Ugumu wa pili ni wa ruhusa. Vituo vya reli na madaraja ni mahali ambapo mwenye kamera huulizwa kibali, na kijijini mgeni mwenye akili hupitia kwanza ofisi ya mtendaji kueleza nia yake. Waandishi wa miongozo ya utalii huyaita mambo haya usumbufu. Huenda ni usumbufu. Lakini yanamlazimisha mpiga picha kusema kabla ya kutazama, na mshairi yeyote wa pwani anajua kwamba mpangilio huo ni wa zamani kuliko kamera: hodi, kisha karibu, kisha macho. Salamu za mahali kama Kintinku hazina haraka. Mgeni huulizwa ametoka wapi, nyumbani hawajambo, mvua huko imenyesha? Akishajibu yote hayo, mwanga aliokuwa akiuvizia umehama ukutani. Mwingine umeingia.

Katika fasihi yetu wako wawili wanaoweza kumsaidia kuelewa yanayompata. Wa kwanza ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Utenzi ule, ukiacha mafunzo yake ya dini ambayo ndiyo roho yake, ni matembezi ndani ya majumba yaliyokufa ya Pate. Macho hupita chumba hadi chumba, kwenye shubaka zilizokuwa za vyombo vya China, kwenye kumbi zilizokuwa za taa, na kila anapopita panaitwa kwa kilichokuwepo. Hakuna mahali pazuri pa kusimama. Mtazamaji mwenyewe yumo hatarini, maana maneno yote anauambia moyo wake, na asemayo juu ya nyumba yanamhusu yeye. Hakuna mpiga picha wa magofu, wa Pate wala wa Gede, aliyefikia hapo, na sababu si upungufu wa mwanga.

Wa pili yuko karibu zaidi na Kintinku. Mathias Mnyampala alizaliwa Ugogo mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Mwaka 1954 alitoa kitabu chake cha Historia, Mila na Desturi za Wagogo, nacho ndicho, kama isemwe kweli, mwongozo wa matembezi ulio bora kuliko ramani yoyote ya eneo hili: nyumba za tembe zenye mapaa bapa ya udongo, koo, mifugo, ngoma, njaa zilizopewa majina. Mgogo huyu alijifunza bahari za ushairi wa pwani akazimiliki, akaongoza chama cha UKUTA, na ndiye aliyeupa utanzu wa ngonjera umbo na umaarufu wake. Ngonjera za UKUTA zilitoka katika vitabu viwili mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa keshafariki. Wahakiki wa pwani hawajawahi kuzipenda sana. Wameziona za shuleni na za mikutano ya chama, zenye majibu yaliyojulikana kabla ya maswali. Lawama hiyo ina ukweli wake. Ngonjera nyingi za miaka ya Azimio la Arusha zinafanana na njia ya Innsbruck: msomaji ajua atakapotokea.

Hata hivyo umbo lenyewe lina jambo ambalo lawama hiyo imelipita. Ngonjera haikubali msemaji mmoja. Lazima awepo wa pili, naye lazima apewe beti zake kamili, kwa vina na mizani ileile. Mtu huyo hawi rula ya kupimia daraja. Anapinga, anauliza, anacheka, na hata akishindwa mwisho amesikika kwa jina lake. Si jambo dogo kwamba umbo hilo lilikuzwa na mtu wa nchi ambayo wengine wote waliipiga picha bila kuiuliza. Picha ya Kintinku itakayostahili jina hilo itafanana na ngonjera kuliko kadi ya posta: uso umegeuka kwa sababu umeitwa, mdomo uko katikati ya neno, na anayeitazama anajua kwamba upande wa pili wa kamera kulikuwa na mtu aliyekuwa akijibu.

Liko pia suala la nani abaki na picha. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, na kwa miaka mingi watu wa mji walikwenda kwake wakiwa wameoga, wamevaa, wamechagua wenyewe wasimame vipi na nani. Walilipa, wakarudi nyumbani na picha. Studio ilibakiwa na hasi. Mkataba huo ulikuwa wa haki, na ndio sababu nyuso katika picha za studio za Afrika Mashariki, hata zile za miji midogo ya reli, zina utulivu ambao haupatikani katika picha za njiani. Matembezi ya kamera yameupindua mkataba: aliyepigwa habaki na kitu. Innsbruck hilo haliumizi, kwani nguzo ya Mtakatifu Anna haidai nakala. Kintinku mtu wa kwanza kupigwa picha, mara shughuli ikiisha, huuliza swali moja, nalo huulizwa kila mahali katika nchi hii: nitaipata lini? Mpiga picha asiye na jibu amekwisha kuhukumiwa kwa kipimo cha mahali alipo, na wala hicho si kipimo kibaya cha uhakiki.

Haki ya njia zilizochorwa nayo ielezwe. Zinamtoa mtu katika gari. Zinamfundisha kungoja, kurudi mahali mara mbili, na kutofautisha mwanga wa saa moja na wa saa tatu. Mwenye kufuata njia ya Innsbruck kwa siku tatu huenda siku ya nne akaiacha, akapotea katika mtaa usio na jina kwenye ramani yake, akaanza kutazama. Kuna wapiga picha wazuri walioanza hivyo, kama walivyo washairi wazuri walioanza kwa kunakili bahari za wenzao. Tatizo ni pale ramani inapouzwa badala ya mji, na pale mahali pasipo na ramani panapodhaniwa kuwa pasipo na kitu.

Tena yupo atakayesema kwamba kuandika hivi juu ya Kintinku ni kuanza kuichorea njia. Kesho atatokea mtu kuandika: fika saa 12 na nusu, kabili magharibi, kisha rudi alasiri kwenye mbuyu wa pili. Hofu hiyo si ya bure, lakini imechelewa kwa namna nyingine. Simu zenye kamera zimeshafika, na wanaozishika ni vijana wa palepale. Hawatembei kwa vituo. Wanapigana picha mbele ya pikipiki mpya, kwenye harusi, siku ya kipaimara, siku ya Idi, wakiwa wamesimama kama babu zao walivyosimama studio, na picha huingia katika simu ya aliyepigwa kabla vumbi halijatua. Ukingo wa Bonde la Ufa, kama umo, umo kwa bahati, juu ya bega la mtu, na haukulengwa.